Ni Hadithi Tu

Mwaka jana, katika somo la uandishi wa kubuni, mwalimu wetu aliandika neno moja ubaoni: MOTO. Kisha akaweka simu yake juu ya meza na kutuambia kwamba tuna dakika 30 za kuandika hadithi fupi yenye mwanzo, kati na mwisho. Sharti lilikuwa moja: kalamu isisimame. Ukikosa neno la Kiswahili, andika la Kirundi au la Kifaransa, uendelee. Ukikosea, usifute. Tulikuwa wanafunzi 32, na kwa muda hakukusikika kitu isipokuwa karatasi na kelele za pikipiki barabarani.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na kwa mtu wa Bujumbura wa rika langu neno «moto» lina tarehe yake. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mji liliungua. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Watu wazima walikimbilia mjini kuokoa mizigo, na wengi walirudi mikono mitupu. Karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na mtu aliyepoteza kitu siku ile: meza, vitenge, viatu, daftari la madeni. Baada ya hapo wafanyabiashara walitawanyika. Wengine walihamia soko la Ruvumera, wengine baadaye wakaenda Cotebu, wengine hawakurudi tena kwenye biashara.

Kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta. Kalamu ilianza yenyewe. Nilimwandika mwanamke mfanyabiashara ambaye, baada ya moto, alificha jambo fulani kwa watu waliomwamini. Nilimpa jina jingine, nikamfanya muuza viatu badala ya alichokuwa akiuza kweli, nikamhamisha kutoka barabara yetu hadi barabara nyingine (Buyenzi barabara zetu nyingi zinajulikana kwa namba, kwa hiyo kumhamisha mtu ni kazi ya kubadili tarakimu tu). Lakini jambo alilolificha sikulibuni. Nililisikia nikiwa na miaka kumi na mitatu hivi, usiku, nyuma ya pazia linalotenganisha chumba chetu na sebule, jirani yetu alipokuwa akimweleza mama yangu kwa sauti ya chini. Alidhani watoto wamelala. Siri yenyewe siiandiki hapa. Anayeisoma makala hii ili aijue ataisoma bure.

Dakika ya ishirini na tano mwalimu alitukumbusha kwamba hadithi lazima iwe na mwisho. Nikaandika haraka kwamba siri ilifichuka, watu wakakusanyika, na yule mwanamke akapiga magoti na kulia mbele yao. Simu ikalia. Nikaweka kalamu chini nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa insha yoyote.

Mwalimu aliomba wa kujitolea kusoma. Nikanyoosha mkono. Darasa lilicheka pale nilipotaka licheke, likanyamaza pale nilipotaka linyamaze. Nilipomaliza walipiga makofi. Tulipotoka nje, mwenzangu mmoja, naye ana ndugu wa karibu Buyenzi, alinivuta pembeni. Akasema, «Yule mwanamke, kama namjua. Shangazi yangu alikuwa na shughuli naye miaka ile ya moto. Ni kweli hayo?»

Nikamjibu, «Ah, ni hadithi tu.»

Makala hii inahusu maneno hayo matatu. Swali langu ni hili: mtu anapoandika haraka, kwa zoezi, bila muda wa kuchagua, anawajibika kwa kilichotoka? Na je, kuwa hadithi kunamtoa mwandishi kwenye deni?

Nianze kwa kuitetea haraka, kwa sababu nisingependa wenzangu wafikiri kwamba nalilaumu zoezi. Tuna methali tunayoipenda mno, kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini wazee haohao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hekima ya Kiswahili haikuwahi kusema jambo moja tu kuhusu muda. Mwanafunzi wa Burundi hasa anahitaji haraka mara nyingine. Sisi tunaota kwa Kirundi, tumefundishwa kuogopa makosa kwa Kifaransa, na Kiswahili sanifu tunakiandika tukiwa tunasikia sauti ya mtu anayetusahihisha upatanisho wa kisarufi. Mimi niliyekua nikizungumza Kiswahili cha Buyenzi naogopa zaidi, kwa sababu kila sentensi ya nyumbani kwetu najua kuna kitabu kinachoikataa. Zoezi la dakika 30 lilininyang'anya hofu hiyo. Kwa mara ya kwanza niliandika kama ninavyozungumza.

Na si sisi tu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1912, mjini Prague, Franz Kafka aliketi akaandika hadithi yake iitwayo Hukumu kuanzia usiku hadi asubuhi, kwa mkao mmoja. Mwaka 1919 Wafaransa wawili, André Breton na Philippe Soupault, walifanya jaribio la kuandika kwa kasi bila kuiruhusu akili ichuje, wakiamini kwamba kinachotoka hivyo ni cha kweli kuliko kile kilichopangwa. Huku pwani yetu kuna desturi ndefu zaidi ya malenga kujibizana kwa tungo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya mambo ya mji wake yalipokuwa bado moto, na watu wakazihifadhi tungo zake vichwani kwa miaka mingi kabla hazijakusanywa kwenye maandishi. Haraka, basi, si adui wa fasihi.

Lakini tujiulize: kinachotoka haraka kinatoka wapi? Breton angejibu kwamba kinatoka ndani kabisa, mahali ambapo mtu hajidanganyi. Mimi, nikiitazama karatasi yangu, naona kwamba kilitoka karibu tu. Mtu anayekimbia nyumba ikiungua hachukui kilicho cha thamani. Anachukua kilicho karibu na mlango. Na karibu na mlango wangu kulikuwa na vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa siri ya mtu mwingine. Haikuwa yangu, lakini ilikuwa imekaa ndani yangu miaka mingi, imeiva, ina wahusika na ina mvutano. Kubuni jambo zuri kama lile kungenichukua wiki nzima. Siri ya jirani ilinichukua dakika 30 kwa sababu yeye alikuwa ameshaigharamia.

Cha pili ni kibaya zaidi, na sikukiona hadi baadaye. Wanaoishi Bujumbura wanajua kwamba katika Kirundi cha mitaani neno «Umuswahili» halimaanishi tu mtu anayezungumza Kiswahili au mkazi wa mitaa kama Buyenzi. Mara nyingi linamaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi, mtu wa kutoaminika. Nimekua nikikerwa na neno hilo. Nimegombana na watoto wa mitaa mingine kwa sababu yake. Hata hivyo, saa ilipokuwa inanikimbiza, yule mwanamke wa hadithi yangu nilimpa mdomo wa aina hiyohiyo: anaapa ovyo, anacheka huku akificha, anazungusha maneno kama karata. Jirani yetu hazungumzi hivyo kabisa. Ni mtu wa maneno machache. Basi ule mdomo niliutoa wapi? Niliutoa kwenye neno lile ninalolichukia. Darasa lilicheka upesi kwa sababu tayari lilikuwa linamjua mtu huyo. Nilikuwa nimewapa waliyemtarajia. Kwa hiyo katika nusu saa nilimfanyia jirani yetu mambo mawili yanayopingana: nilifichua lililo lake la kweli, na nikamvika lisilo lake.

Sasa nizipime hoja ambazo ningeweza kujitetea nazo. Nilizitumia zote kichwani usiku ule, kwa hiyo nazijua vizuri.

Hoja ya kwanza ni kwamba nilibadili jina, bidhaa na barabara. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama siri zingehifadhiwa kwenye majina. Lakini mtu hutambulika kwa umbo la jambo lililompata. Mwenzangu hakusikia jina wala barabara. Alisikia jinsi mambo yalivyofuatana, na hilo lilimtosha. Kubadili jina kunamlinda mwandishi asishtakiwe. Mhusika anabaki akitambulika na wale wanaomjua, na mara nyingi ni hao tu ambao yeye anawaogopa. Wanafunzi thelathini kati ya wale waliosikia hawakumdhuru kwa lolote. Alihitajika mmoja tu.

Hoja ya pili ni kwamba waandishi wote huchukua. Hakuna hadithi inayotoka hewani. Hilo ni kweli, na Kafka mwenyewe ni shahidi: hadithi yake ya usiku mmoja ni ya baba anayemhukumu mwanawe, na wakati huo baba yake alikuwa hai, nyumba moja naye. Lakini naona tofauti. Kafka aliandika akiwa mwana. Kama kuna aliyewekwa kizimbani katika hadithi ile, yeye alikuwa wa kwanza. Mimi katika hadithi yangu sikuwepo. Mtoto aliyesikiliza nyuma ya pazia, ambaye alijua kwamba hapaswi kusikiliza na akaendelea kusikiliza, nilimwacha nje. Nilichukua aibu ya jirani nikaiacha yangu. Kama ningekuwa na saa tatu badala ya nusu saa, pengine ningegundua kwamba hadithi ya kweli niliyokuwa nayo mkononi ni ya mtoto yule.

Na wale malenga wa kujibizana? Wao pia walitunga juu ya watu, tena kwa ukali. Lakini aliyetungiwa alikuwa na haki ya kujibu, na mji ulisubiri jibu lake. Utungo ulikuwa nusu ya mazungumzo. Jirani yetu hakuwa darasani. Hakujua hata kwamba kuna darasa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sidai kuwa nimeimaliza. Inasema kwamba jamii zetu zimeumizwa na kimya kuliko zilivyoumizwa na maneno. Sisi Warundi tunaijua gharama ya mambo yasiyosemwa nyumbani. Kuna miaka ambayo wazazi wetu wakiitaja hushusha sauti, na watoto hukua wakibahatisha. Fasihi, hoja hii inasema, ipo ili kuyasema hayo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu kilisema wazi mambo ya wasichana ambayo watu wazima walitaka yabaki chini ya mkeka. Leo ni nani anayesema kwamba alikosea? Kama kila mwandishi angengoja ruhusa, tungekuwa na maktaba tupu.

Nakubali. Lakini nikitazama vizuri naona kwamba kimya si cha aina moja. Kuna kimya ambacho wenye nguvu huwawekea wanyonge ili wasilalamike. Hicho kivunjwe, na anayekivunja tumshukuru. Na kuna kimya ambacho mnyonge amejijengea mwenyewe, kama ukuta wa matofali mabichi, ili apate nafasi ya kupanga maisha yake upya. Kukivunja hicho na kujiita jasiri ni kujidanganya. Kezilahabi alisema kuhusu hali iliyowabana wasichana wengi; hakumtoa msichana mmoja nyuma ya pazia. Mimi sikuwa nikipambana na mtu yeyote mwenye nguvu. Nilikuwa nikitafuta mwisho wa hadithi kabla simu haijalia.

Hapa nataka kukitaja kitabu cha nyumbani. Mwaka 2012 Mrundi mwenzetu Roland Rugero alichapisha riwaya iitwayo Baho! kwa Kifaransa. Ndani yake kuna kijana bubu, Nyamuragi. Amebanwa na haja, anatafuta pa kujisitiri, anamuuliza msichana kwa ishara za mikono. Msichana anaisoma ishara vibaya, anadhani anataka kumbaka, anapiga kelele. Watu wanakuja mbio, na kabla hawajauliza lolote tayari wanajua: ni mbakaji, auawe. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilidhani ni kitabu kuhusu umati na ukatili. Baada ya zoezi letu nilikisoma tena, nikaona ni kitabu kuhusu hadithi iliyotungwa haraka. Umati ule hausemi uongo kwa makusudi. Umeona mwanzo, umeshika kati, na unataka mwisho upesi, na mwisho ulio karibu na mlango ni ule ambao kila mtu anaujua tayari. Aliyemo ndani ya hadithi hawezi kusema. Kwangu mimi, hilo ndilo darasa letu la siku ile, ingawa kwetu hakuna aliyeshika jiwe.

Baada ya siku tatu za kulala vibaya nilikwenda kwa jirani yetu. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachambua ndagala kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza kumsaidia kwa sababu sikujua pa kuanzia. Kisha nikamwambia yote: pazia, zoezi, mwenzangu, shangazi wa mwenzangu.

Hakupaza sauti. Akaniuliza, «Mlikuwa wangapi?»

«Thelathini na wawili, Mama. Na mwalimu.»

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, «Na hadithi yako iliishaje?»

Nilitamani asiulize hilo. Nikamwambia kwamba mwanamke alipatikana, akapiga magoti mbele ya watu, akalia.

Aliacha kuchambua, akanitazama. «Kwa hiyo umenimaliza,» akasema. «Mimi mwenyewe bado sijafika mwisho, mwanangu. Kila mwezi kuna ninachokifanya kuhusu jambo lile. Wewe hukukisikia hicho, kwa sababu usiku ule nilikuwa sijaanza.»

Nilimwomba msamaha. Nikamuuliza nimwambie nini mwenzangu, maana nilikuwa nimepanga kwenda kumwomba radhi na kumsihi asiseme. Akatikisa kichwa. «Ukimwomba asiseme, umeshamwambia kwamba ni kweli. Ulimwambia ni hadithi tu? Basi endelea kumwambia hivyohivyo.»

Nimefikiri sana kuhusu jibu hilo. Nilikwenda kwake nikiwa tayari kuyakana maneno yangu matatu kama uongo wa mwoga, na yeye akaniambia niyashike, kwa sababu sasa ndiyo ngao pekee aliyonayo. Siku ile nilipoyasema, yalinilinda mimi. Sasa nilipaswa kuyasema kwa ajili yake, na yalikuwa uongo uleule. Miezi iliyofuata mwenzangu aliniuliza mara mbili nyingine, na mara zote mbili nikamdanganya nikimtazama usoni. Wanafunzi wa falsafa wanaweza kunieleza kama nilitenda haki. Ninachojua ni kwamba kosa la nusu saa lilinifanya mwongo kwa miezi saba, na kwamba hakukuwa na njia safi ya kutoka. Hilo ndilo jambo ambalo methali ya maji yaliyomwagika hailisemi: kwamba hayazoleki tunajua, lakini kuna pia mtu anayebaki amesimama kwenye tope.

Baada ya miezi hiyo saba jirani yetu alimaliza alichokuwa akikifanya. Aliwaita waliohusika, mmoja mmoja, nyumbani kwake, akawaeleza mwenyewe. Mama yangu alikuwepo siku moja kati ya hizo. Ninaambiwa kwamba hakuna aliyepiga magoti wala aliyelia. Mmoja alikasirika akaondoka bila kunywa chai, kisha akarudi wiki iliyofuata. Mwingine alicheka. Hakuna hata mmoja aliyefanya nilichoandika. Mwenzangu alipopata habari kwa shangazi yake, alinijia akasema, «Kumbe ilikuwa kweli.» Nikamwambia, «Ndiyo. Na nilikudanganya.» Hatujawa marafiki kama zamani, na sidhani ni haki yangu kumdai hilo.

Nirudi kwenye swali. Je, mwandishi wa haraka anawajibika? Nilipoanza kufikiri nilitaka kujibu kwamba hapana, si kwa kile kinachotoka wakati kalamu inakimbia, bali kwa kile anachokifanya kalamu ikishasimama. Naona bado kuna ukweli hapo. Katika dakika 30 sikuchagua mengi. Lakini dakika ya thelathini na moja, niliponyoosha mkono ili nisome, hakuna saa iliyonikimbiza. Mwalimu aliomba wa kujitolea, hakumlazimisha mtu. Zoezi lilikuwa limekwisha na mimi nikaendelea kujifanya bado niko ndani yake. Kuandika haraka ni kama kuchota maji mtoni gizani: huoni ulichochota, na si kosa lako. Kuyanywesha wageni bila kuyatazama mchana ni kosa lako.

Hata hivyo jibu hilo halitoshi, kwa sababu ya ule mwisho. Siri niliichukua, na kuichukua ni kosa la kulipa. Lakini mwisho niliubuni. Ndiyo sehemu pekee ya hadithi iliyokuwa yangu kabisa, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. Niliposema «ni hadithi tu» nilimaanisha kwamba sehemu niliyoibuni haiwezi kumdhuru mtu, kwa kuwa si kweli. Ni kinyume chake. Kwenye sehemu niliyoibuni ndipo nilipotoa hukumu, kwamba mtu wa namna hii mwisho wake ni huu. Hukumu hiyo haikutoka kwake, wala haikutoka moyoni mwangu. Ilitoka kwenye simu iliyokuwa mezani. Muda wangu uliisha, nikadhani na wake umeisha.

Kwa hiyo bado naandika haraka. Kila Jumamosi asubuhi najiwekea dakika 30, na ninapendekeza zoezi hili kwa yeyote anayeogopa karatasi tupu. Lakini nimejiwekea masharti matatu ambayo wenzangu wanaweza kuyapinga. Nikimaliza najiuliza kwanza hii ni ya nani. Kisha najiuliza ni maneno gani nimeyatia kinywani mwa mtu kwa sababu tu yalikuwa tayari yanazunguka mtaani. Na ikiwa ndani yake kuna mtu aliye hai, simwandikii mwisho. Naacha mistari mitupu. Mwalimu wetu, nilipomweleza hili, alisema kwamba hadithi isiyo na mwisho atainyima alama mbili. Nimekubali kuzikosa.

Kabla ya kuandika makala hii nilikwenda tena kuomba ruhusa, safari hii kabla na si baada. Nilimsomea jirani yetu mpango wangu wote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba niondoe mambo mawili ambayo yangemtambulisha, nami nimeyaondoa. Kisha akasema, «Andika ulichokosa wewe. Changu kiache.»

Nimejaribu kufanya hivyo.